Miaka 30 katika Mstari Mmoja

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kuhudhuria mazishi mengi hapo kijijini kwako. Basi wajua desturi ilivyo. Kabla ya jeneza kushushwa kaburini, mtu mmoja wa ukoo husimama na karatasi mkononi, akaisoma historia ya marehemu. Watu hunyamaza. Husikia kwamba marehemu alizaliwa mwaka fulani, alibatizwa parokia fulani, alisoma mpaka darasa fulani, akafunga ndoa. Halafu, kama marehemu alikuwa mzee wa reli, husikia maneno haya: "Marehemu alifanya kazi reli kwa muda wa miaka 30, akastaafu." Kisha hufuata habari za ugonjwa, hospitali alizopelekwa, siku na saa ya kufa, hesabu ya watoto na wajukuu. Msomaji hukunja karatasi yake, akakaa.

Miaka 30, mstari mmoja! Ugonjwa wa majuma matatu umepata mistari sita, na kazi ya miaka 30 imepata mmoja tu.

Wala usidhani wenye msiba hawakumpenda baba yao. Walimpenda sana. Ila hawakuwa na la kuandika. Usiku ule wa kuandika historia waliulizana, "Hivi baba kule reli alikuwa akifanya nini hasa?" Mmoja akasema alikuwa genge. Mwingine akasema la, alikuwa stesheni. Kitinda mimba akasema yeye alimwona mara moja ameshika bendera. Wakashindwa kupatana, wakaandika "alifanya kazi reli."

Juma hili nataka tuufungue mstari huo, tutazame ndani yake mna nini. Jina la mzee sitalitaja, maana simsemi mmoja. Nawasema wengi, toka Morogoro mpaka Kigoma, toka Tabora mpaka Mwanza. Wewe tia jina la baba yako, au la babu yako, au la yule jirani mzee akaaye chini ya mwembe na redio yake.

Kwanza tuijue njia yenyewe. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wadachi huko Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1907 ilifika Morogoro, mwaka 1912 ikafika Tabora, na mwanzoni mwa mwaka 1914 ikafika Kigoma penye Ziwa Tanganyika, kilometa zipatazo 1,250 toka pwani. Tawi la kwenda Mwanza lilimalizika mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda, na makao makuu yakawa Nairobi. Basi mzee wetu, kama aliandikwa kazi katika miaka ya sitini, aliandikwa na reli hiyo ya Afrika Mashariki.

Sasa shika neno hili moja, maana ndilo ufunguo wa mengine yote: njia ile ni moja. Magari yaendayo bara na magari yajayo pwani hupita juu ya chuma kilekile. Hupishana stesheni tu. Moja huingia kando na kungoja, jingine hupita. Kwa hiyo dereva hakuweza kujiondokea tu kwa kuwa abiria wamejaa na saa imefika. Stesheni masta alipaswa kwanza kuuliza stesheni ya mbele kama njia i wazi. Akijibiwa kwamba i wazi, ndipo dereva alipopewa idhini yake, gadi akapuliza filimbi na kuonyesha bendera ya kijani, usiku taa ya kijani. Jibu moja la uongo, au usingizi wa dakika kumi, ungaliweza kuyakutanisha magari mawili uso kwa uso porini, na watu mia kadhaa wamelala ndani.

Huyo ni mtu wa stesheni. Na mtu wa genge je? Genge ni kikosi cha watu wachache na mnyapara wao. Walipewa kipande cha njia, kilometa kadhaa, na kipande hicho kilikuwa chao kama shamba lilivyo la mkulima. Walishindilia kokoto chini ya mataruma, walikaza nati, walifyeka majani, walizibua mifereji. Mmoja wao alikipita kipande chote kwa miguu, spana na nyundo begani, macho chini, akitafuta nati iliyolegea au taruma lililooza. Kazi ikiwa mbali, walikwenda kwa kiberenge.

Waweza kuuliza, chuma kina nini hata kitazamwe kila siku? Kina mengi. Chuma hutanuka kwa joto la jua. Ndiyo sababu penye maungio ya reli ya namna ile huachwa nafasi ndogo, na ndiyo sababu gari la moshi huimba "ta-tata, ta-tata" likipita. Nafasi ikikosekana, jua la mchana laweza kuipinda reli kama nyoka. Tena masika yakifika, maji hula udongo chini ya njia, reli zikabaki zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa mbali dereva huona chuma kimenyooka, akadhani njia ni nzima. Aliyejua ukweli ni yule mtu wa genge aliyetembea kwa mvua na taa yake.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka tulitafakari. Mkulima akifanya kazi vema, watu huona mahindi. Seremala akifanya kazi vema, watu huona mlango. Lakini mtu wa reli akifanya kazi vema, haonekani kitu chochote. Gari limefika Tabora, abiria wameshuka na mizigo yao na watoto wao, wamekwenda zao. Gari likifika salama halina habari. Hakuna gazeti lililopata kuandika kwamba jana nati zote za Gulwe zilikuwa zimekazwa.

Ni siku ya balaa ndipo tunapojua. Tarehe 24 Juni 2002, gari la abiria lilishindwa mlima karibu na Msagali, mkoani Dodoma. Likaanza kurudi nyuma, breki zisilizuie, likakimbia nyumanyuma mpaka likagongana na gari la mizigo. Watu 281 walikufa. Siku zile nchi nzima ilijifunza maneno ya breki na behewa na njia moja. Tena mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko yalivunja njia upande wa Kilosa, magari yakakatika kwa miezi. Wafanya biashara wa Kigoma na Tabora walilia, bei zikapanda. Hapo kila mtu alijua tuta la reli ni kitu gani. Lakini zile siku nyingine zote, maelfu na maelfu, magari yalipofika na watu wakalala nyumbani kwao, nani aliuliza jina la aliyetembea na taa?

Basi ndugu msomaji, ukiandika "alifanya kazi reli miaka 30", siku hizo zote ndizo umeziandika.

Tuje nyumbani sasa, maana mzee huyu alikuwa pia mume na baba. Mfanya kazi wa reli hakujichagulia mahali pa kukaa. Leo yuko Kilosa, mwaka kesho Malongwe, baadaye Uvinza. Waliokaa na jamaa zao katika nyumba za reli walihama na sufuria na kuku, na watoto wakabadili shule na marafiki. Wengine waliona heri mama abaki kijijini alee na kulima, na baba aje likizo kwa pasi yake ya reli. Watoto wa namna hiyo walimjua baba kama mgeni mwenye mkate na nguo mpya, ambaye baada ya majuma machache huondoka tena. Nimesikia watu wazima wakisema, "Baba aliipenda reli kuliko sisi." Ni neno chungu, na pengine kwao lilionekana kuwa kweli.

Lakini na hapo tumia kipimo kilekile. Ada ilipolipwa kila mwaka, haikuwa habari. Bati zilipopanda juu ya nyumba moja moja, bati kumi mwaka huu na kumi mwaka ujao, haikuwa habari. Mshahara ulipofika mwisho wa mwezi, ukagawanywa kwa daftari, haikuwa habari. Mtoto hukumbuka siku baba alipokosa kuja Noeli. Hakumbuki ile miezi kumi na miwili alipokula na kushiba. Ndivyo tulivyo wanadamu: tunahesabu magari yaliyoanguka, hatuhesabu yaliyofika.

Na mama? Naomba wanaume wasomao ukurasa huu wasikilize vizuri. Kama baba alikuwa njiani miaka 30, nani alikuwa mlangoni? Nani alimpeleka mtoto zahanati usiku, nani alikwenda shuleni kuitwa na mwalimu, nani alilima karanga na kuziuza ili mshahara utoshe? Katika historia nyingi za marehemu mama hutajwa mara mbili tu: siku alipoolewa na siku alipoachwa mjane. Hayo si haki. Mtu wa stesheni hakuweza kulitoa gari bila mwenzake wa stesheni ya mbele kumjibu. Vivyo hivyo nyumba ile ilikuwa na watu wawili wa kuitunza, na ukimwandika mmoja tu umeandika nusu.

Lakini tusidanganyane. Si kila mzee wa reli alikuwa mwema. Wapo waliounywa mshahara kabla haujafika kwa mama. Wapo waliokuwa na nyumba ya pili katika stesheni nyingine, na siku ya mazishi wakatokea watoto wageni wenye sura ya marehemu. Kama baba yako alikuwa hivyo, kaburini si mahali pa kumwumbua, wala si mahali pa kumpamba kwa uongo. Sema lile jema lililo kweli, hata likiwa dogo, na mengine mwachie Mungu. Tena wapokeeni wale watoto, maana wao hawakukosa neno.

Sasa nitaje jambo la sanduku. Karibu kila mzee wa reli analo, la bati au la mbao, chini ya kitanda. Ndani mna barua ya kuandikwa kazi, barua za kuhamishwa, vipande vya mishahara, barua ya kustaafu, pengine picha moja ya watu wamesimama mbele ya injini. Watoto huliona ni takataka. Baada ya msiba sanduku hutupwa, au karatasi huwashia moto jikoni.

Angalia, ndugu yangu! Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli ikagawanywa, kila nchi na yake. Watanzania waliokuwa kazini Nairobi ilibidi warudi kwao. Mali na madeni ya Jumuiya yaligawanywa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 1984. Lakini wazee wengi waliosema wanadai haki zao za kazi ya Jumuiya walingoja miaka mingi, wakaenda mahakamani, na mwaka 2005 ndipo yalipofanyika mapatano na Serikali mbele ya Mahakama Kuu. Malipo yalianza, na hata baada ya hapo mabishano juu ya nani amelipwa na nani hajakamilishiwa yaliendelea miaka. Wengine walikufa kabla ya kuona shilingi. Katika mambo ya namna hiyo mtu hulia kwa macho, lakini hudai kwa karatasi. Mjane asiye na barua ya mumewe, wala cheti cha ndoa, wala cheti cha kifo, ataitwa leo, ataambiwa kesho, atachoka, atarudi nyumbani.

Kwa hiyo fanyeni hivi mapema, mzee akiwa hai, bila haya na bila kuonekana mnamtakia kufa. Mwombeni awafungulie sanduku mwenyewe, mbele ya mama. Kila karatasi aieleze. Zifungeni pamoja, mbali na panya na maji, na watu wawili wa nyumba wajue zilipo. Cheti cha ndoa kikiwa kimepotea, nendeni parokia mlikofungia, maana ndoa zimeandikwa katika daftari la parokia na paroko aweza kuwapa nakala. Na Mungu akimwita mzee, msichelewe kwenda mahakamani kwa ajili ya msimamizi wa mirathi. Nyumba nyingi zimegombana kwa sababu ya kuchelewa tu.

Lakini karatasi pekee hazitoshi kumkumbuka mtu. Zitasema alihamishwa lini. Hazitasema aliogopa nini. Hilo lazima umwulize mwenyewe.

Wazee wa reli si rahisi kusema. Walizoea kujibu lililoulizwa, basi. Ukimwambia, "Baba, tueleze maisha yako," atakujibu, "Namshukuru Mungu, yalikuwa mazuri," akafungulia redio. Mwulize vitu vidogo. Siku ya kwanza kazini ulilala wapi? Mshahara wako wa kwanza ulikuwa shilingi ngapi, na ulinunua nini? Nani alikufundisha kushika spana? Ni masika gani yalikuwa mabaya kuliko yote? Usiku gani uliogopa? Walipokuhamisha, mama alisemaje? Hapo utaona. Mzee atanyamaza kidogo, atatazama mbali, halafu ataanza. Mtume mjukuu mwenye mwandiko mzuri akae karibu na daftari.

Ukimsikiliza utaelewa na yale yaliyokuudhi. Kwa mfano, saa yake. Ukimwambia utamfikia saa tatu, saa tatu na dakika tano amekwisha kuondoka. Mkutano wa jumuiya ukichelewa, hununa. Vijana humcheka, watoto wake humwita mkali. Kumbe kwake yeye dakika tano si dakika tano. Ni magari mawili katika njia moja. Au tabia yake ya kuzunguka nyumba kila usiku kabla ya kulala, akigusa kila kufuli. Mke amezoea, wakwe wanashangaa. Miaka 30 alikagua nati ili watu asiowajua walale salama. Je, aache kukagua mlango wa wajukuu zake?

Nyakati zimebadilika. Mwaka 2024 magari ya umeme yalianza kubeba abiria toka Dar es Salaam mpaka Morogoro, na kisha mpaka Dodoma, juu ya reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, wakati ile ya zamani ina milimita 1,000. Vijana hupanda, wakafika Dodoma kwa saa chache, wakasifu mwendo. Ni haki wasifu. Lakini hata reli hiyo mpya ina watu wake wa kuikagua usiku, na abiria hawawajui. Ukipanda, kumbuka kwamba kuna mtu aliyekesha. Na kama una mzee wa reli nyumbani, mpandishe naye siku moja kama uwezo upo. Usishangae akiwa hatazami dirishani, bali anasikiliza magurudumu.

Wale ambao baba amekwisha kufa wasikate tamaa. Mama bado anajua mengi. Wenzake wa kazi wangalipo, wazee kama yeye, katika vijiji vilivyo kando ya njia. Waendeeni kabla hawajaisha. Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, ni wakati mzuri wa kuketi jamaa yote na kukusanya kila mmoja alijualo.

Na siku ya kusimama na karatasi ikifika, usiandike tena mstari mmoja. Andika yaliyo kweli kwa baba yako. Yanaweza kuwa ya namna hii:

"Marehemu aliandikwa kazi ya reli akiwa kijana wa miaka 20. Kwanza alikuwa genge, akishindilia kokoto na kukaza nati. Baadaye alikuwa stesheni, akiyapokea na kuyaruhusu magari usiku na mchana. Masika mamoja aliona maji yamekula tuta, akakimbia na taa nyekundu, gari likasimama. Abiria waliamka, wakauliza mbona gari limesimama, wakalala tena. Mkewe alilima na kulea, na wawili hao waliwasomesha watoto saba. Hakupata nishani. Magari yake yalifika."

Hiyo ni mistari michache tu. Haitawachelewesha watu kaburini, na wajukuu watajua wanamzika nani.

Kwa heri mpaka juma lijalo.